Kozi ya ofisi nayo ni ufundi, tusiizike

Tangu serikali ianze kujenga vyuo vya VETA wilayani, 64 vya wilaya na kimoja cha mkoa kule Songwe, na tangu mtaala mpya uanze Januari 2024 ukiwa na mkondo wa amali, yaani wa ufundi, pembeni ya ule wa jumla, hapa Mwanza kuna maneno nayasikia kila mahali, kwenye daladala za Buhongwa, kwenye vikao vya wazazi, hadi msibani: mtoto akimaliza form four usimpeleke kwenye zile kozi za ofisi, sijui uhazili, yaani ukatibu mahsusi, sijui utawala wa biashara ngazi ya cheti, hizo zimeshakufa, mpeleke akajifunze kuchomelea mageti. Mtu akitaka kukumaliza kabisa anakutajia ile ya ajira za TRA, mamlaka ya mapato, ya mwaka 2025, waombaji zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596, halafu anakuuliza sasa huyo wako mwenye cheti cha ofisi ataajiriwa na nani. Mimi naona hii habari tumeisoma vibaya. Vyuo vya ufundi vinavyojengwa havipunguzi haja ya watu wa ofisi, vinaiongeza, maana kila fundi atakayetoka pale akafungua kikampuni chake atahitaji mtu wa kuandika kotesheni, kutunza risiti, kufuatilia malipo na kuwasilisha ritani za kodi kabla siku haijapita. Kazi ya ofisi ipo na inaongezeka. Kilichochoka ni namna tunavyoifundisha, tunaifundisha kama maandalizi ya kuomba kazi kwa mwajiri mmoja tu ambaye ni serikali, wakati kazi yenyewe siku nyingi imehamia mtaani, na ile namba ya TRA inaonyesha urefu wa foleni kwenye mlango mmoja, haionyeshi kama ndani ya nyumba nzima hakuna kazi.

Tuweke sawa kwanza kozi zenyewe ni zipi, maana watu wanazichanganya sana. Ukitoka form four na D nne, masomo ya dini hayahesabiwi, unaweza kuingia NTA level 4 kwenye chuo kinachotambuliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, hicho ni cheti cha awali, mwaka mmoja, halafu unapanda level 5 na level 6 ambayo ndo diploma. Hapa mjini CBE wana kampasi, TIA wana kampasi, na SAUT wako Malimbe. Upande wa VETA kuna ngazi zao tatu za NVA, yaani tuzo za ufundi stadi, na pale Nyakato chuo kipo miaka mingi. Kuna Chuo cha Utumishi wa Umma ambacho kampasi yake ya Tabora imelea vizazi na vizazi vya makatibu mahsusi wa nchi hii, ukimwambia mtu wa makamo "nilisoma uhazili Tabora" hahitaji maelezo zaidi. Na chini ya hao wote kuna vituo vya kompyuta vya ghorofani na uchochoroni, miezi mitatu, Word, Excel, intaneti, picha ya pasipoti mbili na cheti chenye lamineti. Wengi wanaoingia humu ni mabinti na vijana ambao matokeo yao hayakuwapeleka form five, na hili naomba tulishike vizuri, maana tunapoizika hii kozi tunazika mlango wa mtoto ambaye milango mingine mingi imeshafungwa, na kwa mabinti ni zaidi, kwa sababu kwenye karakana za kuchomelea bado familia nyingi za huku kwetu hazijazoea kumuona binti yao.

Sasa angalia wanaandaliwa kwenda wapi. Matangazo ya ajira serikalini kwa nafasi ya katibu mahsusi daraja la tatu kwa miaka mingi yamekuwa na sentensi ile ile ambayo wanafunzi wa uhazili wanaijua kama sala, kwamba muombaji awe amefaulu somo la hatimkato, yaani kuandika kwa alama za mkato mtu anapozungumza, ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja, na awe na cheti cha programu za ofisi, Word, Excel, PowerPoint, intaneti, imeili na Publisher. Kazi atakazofanya ni kuchapa barua na taarifa, kupokea wageni na kuwaelekeza, kutunza kumbukumbu za miadi na safari za mkuu wake, kumtafutia majalada. Silidharau hili, ofisi za serikali zinaendeshwa na watu hawa na mtu yeyote aliyewahi kufuatilia jalada lake masjala anajua tofauti ya ofisi yenye katibu mahsusi anayejua kazi na ofisi ambayo hana. Na hatimkato ina watetezi wenye hoja, wanasema inamjengea mtu usikivu, inamfundisha kutunza siri za kikao, inamtofautisha na mtu aliyejua tu kubonyeza. Nakubali kiasi. Lakini serikali hiyo hiyo sasa hivi inapitisha madokezo na majalada kwenye mfumo wa e-Office uliotengenezwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, zabuni zote zinapita kwenye mfumo wa manunuzi wa NeST tangu mwaka 2023, watumishi wanapimwa utendaji kwenye PEPMIS, na chuo kinaendelea kutumia muhula baada ya muhula kumnoa mwanafunzi afikishe maneno 100, anafikisha, anamaliza, halafu anakaa nyumbani Igoma miaka akisubiri tangazo litoke. Mtoto hakukosea chochote, alifundishwa kwa bidii kazi ya mwajiri ambaye kila mwaka anachukua wachache.

Watu wa kanda hii tulitakiwa tuwe wa kwanza kulielewa jambo hili kwa sababu historia yetu yenyewe inalisema. Wakulima wa pamba wa Usukuma miaka ya mwanzoni ya 1950 walipoona wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, kitu cha kwanza walichofanya ni kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wanaojua kusoma mizani na kuandika namba kwenye daftari. Paul Bomani, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa waziri wa fedha wa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza, na kazi ya katibu wa ushirika ni barua, ni daftari la wanachama, ni kumbukumbu za vikao. Kwenye makaratasi hayo ndimo kilimotoka chama cha wakulima wa Kanda ya Ziwa, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, Victoria Federation, uliokuwa moja ya vyama vikubwa vya ushirika Afrika nzima. Na ulipoanza kuyumba, tume ya rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilitaja kati ya sababu zake upungufu wa watumishi wenye ujuzi unaofaa. Vyama viliongezeka kwa kasi kuliko makarani na watunza hesabu, ndo ukweli wenyewe, na mkulima aliyeleta pamba yake vizuri kabisa akapoteza hela yake kwenye daftari. Miongo mitatu baadaye ikawa zamu ya sangara. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu ya viuatilifu, viwanda vilisimama, wavuvi wakauza kwa bei ya kutupa, na kurudi sokoni kulidai maabara, ukaguzi na kumbukumbu, samaki huyu katoka wapi, kapokelewa saa ngapi, nani kasaini. Samaki ziwani alikuwa yule yule.

Ukitaka kujua ofisi ya kweli ya mji huu saivi iko wapi nenda steshenari. Kaa kwenye benchi la steshenari yoyote iliyo karibu na halmashauri au karibu na stendi, kuanzia saa mbili asubuhi, uangalie. Meza moja, kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi, kijana au binti mmoja aliyesoma cheti mahali fulani. Mteja wa kwanza anasajili jina la biashara BRELA na hajui namba yake ya NIDA kaiweka wapi. Wa pili anataka TIN. Wa tatu amekuja na bahasha ya vyeti aingizwe kwenye Ajira Portal. Wa nne ni kikundi, wanne wamekuja pamoja, wanaomba ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo ilisimama Aprili 2023 ikarudi Julai 2024, wanatakiwa waandike katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao cha kuomba mkopo, na andiko la mradi, na hawana hata kimoja. Huyo kijana kwa siku moja anafanya kazi ya katibu, karani, mtunza kumbukumbu na mshauri wa biashara kwa watu ishirini, kwa bei ya kurasa, bila mtu kumfundisha hata siku moja kwamba anachofanya kina taratibu zake na kina hatari zake.

Hatari hizo nimeziona kwa macho. Kuna kikundi cha akina mama wa dagaa wa Mwaloni Kirumba ninaowafahamu, wachapakazi, dagaa wao ni wasafi hadi wanunuzi wa mbali wanawaulizia. Walisikia sheria inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, wakataka kupeleka dagaa kwenye shule za bweni. Kijana wa steshenari akawasajili kwenye mfumo, vizuri tu, ila aliweka imeili yake na namba yake ya simu ili asihangaike kuwapigia kila namba ya uthibitisho inapoingia. Baadaye yule kijana akapata kibarua Kahama akahama, laini akabadilisha, na wale mama walipotaka kuingia kwenye akaunti yao namba ya uthibitisho inaenda kwenye simu isiyopatikana. Mwenyekiti wao akaniambia, "Mwanangu, kila kitu chetu alikuwa nacho yule kijana kwenye simu, sisi tuna dagaa tu." Hakuna aliyeiba. Kijana hakuwa mbaya, hakuwahi tu kufundishwa kwamba akaunti ya mteja inafunguliwa kwa namba ya mteja, paswedi inaandikwa na kukabidhiwa kwa kusaini, nakala za vitambulisho vya watu hazikai kwenye desktop ya kompyuta ambayo kila anayekuja kuprinti anaiona. Haya ni mambo ya wiki moja ya darasa. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, ni mambo ya kisheria pia, sasa niambie ni kituo gani cha miezi mitatu unachokijua kinachomfundisha mwanafunzi wake hilo.

Hebu tupige na hesabu, maana kuna wanaosema ofisi kwa mfanyabiashara mdogo ni mapambo. Jedwali la kodi ya makadirio lililowekwa mwaka 2019 linawatenganisha wafanyabiashara wadogo wenye kumbukumbu na wasio nazo. Mwenye mauzo ya milioni 5 kwa mwaka ambaye hana kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, ambayo ni 30,000. Mwenye mauzo ya milioni 8 bila kumbukumbu ni 250,000, akiwa nazo ni 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7, inakuja 120,000. Hiyo tofauti ya 70,000 kwa mmoja na 130,000 kwa mwingine ni bei ya daftari kutokuwepo. Mama wa genge la Mabatini anailipa kila mwaka bila kujua anailipa kwa sababu gani, anaona tu TRA wamemkadiria. Biashara ikikua kidogo, ikawa na wafanyakazi na VAT, kalenda inaanza kubana, PAYE tarehe 7 ya mwezi unaofuata, VAT tarehe 20, michango ya NSSF ya pensheni na WCF ya fidia kwa wafanyakazi nayo ina siku zake, na kuchelewa kuna faini hata kama hela ilikuwepo benki. Wakaguzi hawataki kusikia habari ya bosi alikuwa Sengerema kwenye msiba.

Sasa nije kwa wanaopinga, na nianze na hoja nzito kabisa ambayo sitaki kuipita haraka. Wanasema sawa, kazi ipo, ila mshahara haupo. Garage ya Igogo haiwezi kuajiri katibu, mama wa dagaa hawezi, fundi wa aluminiamu hawezi, kwa hiyo unamuandaa mtoto kwa kazi ambayo kila mtu anaihitaji na hakuna anayeilipia. Hii ni kweli kwa sehemu kubwa. Biashara moja moja haiwezi kumlipa mtu wa mwezi mzima, na chuo kinachomuahidi mzazi kwamba binti yake akimaliza level 4 atakaa kwenye ofisi yenye AC kinamdanganya, na vyuo vya aina hiyo vipo, vinasajili kila muhula kana kwamba soko halina mwisho, mimi ningefurahi idadi yao ipungue. Lakini hebu angalia watunza hesabu wanavyoishi mjini hapa, mtu mmoja anashika biashara sita, saba, anapita kila mwisho wa mwezi, kila biashara inamlipa kidogo na mwisho wa siku anakula. Karani naye anaweza kushika biashara sita kwa mtindo huo huo, na hata kikundi cha mafundi kumi wa mtaa mmoja wanaweza kumchangia karani mmoja kama wanavyomchangia mlinzi. Yule wa steshenari tayari anafanya hivyo, tofauti ni kwamba hana mkataba, hana utaratibu wa kutunza mafaili na hajui alipishe vipi zaidi ya bei ya ukurasa. Hela mwanzoni ni ndogo, sitamdanganya mtu. Ila ni ndogo kwa fundi wa kuchomelea anayeanza pia, na hakuna anayesema ufundi wa kuchomelea umekufa.

Hoja ya pili ni ile ya wenye biashara wenyewe, kwamba mtu wa ofisi anajifunzia kazini, chuo kinampotezea muda. Wenye kusema hivi wana uzoefu, wengi wao waliwapokea wahitimu ambao hawakuweza kuandika barua ya kudai deni bila makosa kumi, wakaishia kumchukua mtoto wa shangazi yao wakamfundisha wenyewe. Tatizo la hoja hii ni kwamba inahitaji pawe na mtu kazini anayejua. Kwenye kiwanda cha samaki yupo, kwenye benki yupo, kwenye kampuni ya usafirishaji yenye miaka ishirini yupo, karani mzee anayejua kila kitu. Kwenye biashara mpya, ambazo ndo nyingi, hayupo, bosi mwenyewe anahifadhi risiti kwenye mfuko wa rambo, wino wa karatasi za EFD, zile mashine za risiti za TRA, unafutika kwa joto la kwenye dashibodi ya gari, na ukifika wakati wa kufunga mwaka ana karatasi nyeupe mia mbili zisizosomeka. Huyo atamfundisha nani nini? Hata kupiga fotokopi risiti ya EFD siku ile ile inapotoka, jambo la sekunde kumi, lazima mtu akuambie kwanza.

Halafu kuna hii ya akili mnemba, ambayo inasemwa sana na vijana wenyewe, na ndo dhaifu kuliko zote japo inasikika ya kisasa. Wanasema kompyuta saivi inaandika barua, inapanga ratiba, inafupisha kikao, kwa hiyo kozi ya ofisi ya nini. Kuandika barua, ndiyo, simu yako inaandika, na aliyekuwa anaishi kwa kuchapa barua tu kazi yake imeenda kweli, tusifiche. Lakini chukua siku moja ya kawaida ya mfanyabiashara wa hapa. Mzigo wa simenti umevuka daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, malori hayasubiri tena kivuko kwa hiyo gari inaingia dukani asubuhi wakati bosi hajafika. Hati ya kupokelea mzigo inasema mifuko 300. Dereva ana haraka, anataka saini arudi Geita. Nani anahesabu? Nani anaona kwamba mifuko mitano imelowa, anaandika kwenye hati "mifuko 5 imelowa, imepokelewa 295 mizima", anamsainisha dereva, anapiga picha, anabaki na nakala, anamtumia muuzaji siku hiyo hiyo kabla hajatoa invoisi ya mifuko 300? Hiyo programu yako haikuwepo getini. Na ikikukosea tarehe ya ritani, faini inakuja kwa jina lako. Kinachotokea ukiwa na hivi vifaa ni kwamba karatasi zinaongezeka, kotesheni zinatoka tano kwa siku badala ya moja, na kila moja inahitaji mtu anayejua bei iliyomo ni ya mwezi huu au ya mwezi uliopita. Mtu asiyejua kazi akishika kifaa kizuri anakosea haraka zaidi.

Kinachoniuma zaidi kwenye mfumo uliopo ni fildi. Mwanafunzi anapelekwa fildi wiki kadhaa, anapangiwa ofisi kubwa kwa sababu chuo kinapenda barua yenye muhuri mkubwa, akifika anaambiwa kaa pale, anatumwa chai, anatumwa vocha, anabandika mihuri, siku za mwisho anasainiwa logibuku yote kwa mkupuo na msimamizi ambaye hakumbuki jina lake. Wakati huo huo mwendo wa dakika chache kutoka hapo kuna soko la Mwaloni ambako kila siku magunia ya dagaa yanapakiwa kwenda mikoani na nchi za jirani, kuna kibali cha kusafirisha, kuna ushuru, kuna mnunuzi wa Kongo anayetaka cheti cha uasili, kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani, kile kilichorahisishwa cha Afrika Mashariki kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, na wafanyabiashara wanahangaika na hayo yote wakiwategemea madalali wa makaratasi. Kwimba na Magu kuna AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika, za pamba ambazo msimu ukifika zinatafuta mtu anayeweza kuandika uzito wa mkulima bila kufuta futa. Mwanafunzi wa level 4 akipelekwa huko wiki nane atarudi na kazi halisi mkononi, na wengine hawatarudi, wataajiriwa huko huko.

Na mtihani wenyewe unaweza kubadilika bila mapinduzi yoyote. Mpe mwanafunzi boksi la karatasi za mwezi mmoja za biashara ya kweli, majina yafichwe, mwambie azipange, afungue mafaili, atoe orodha ya wadaiwa, aandike barua mbili za kudai, moja ya mteja mzuri aliyechelewa kidogo na moja ya mteja msumbufu, kwa Kiswahili fasaha maana wateja wake na halmashauri yake wataandikiana naye kwa Kiswahili, halafu aandae taarifa za ritani na aandike muhtasari wa kikao cha kikundi ambacho wanachama wawili wamegombana, bila kumpendelea mmoja. Anayeweza hayo mwajiri yeyote atamshika. Hatimkato ibaki kama somo la kuchagua kwa anayetaka kwenda kwa katibu mkuu wa wizara au kwenye vikao rasmi, isiwe kipimo cha kila mtoto wa form four aliyeamua kusomea ofisi. Na tangazo la serikali nalo libadilike, kwa sababu vyuo vinafundisha kinachoandikwa kwenye tangazo, huwezi kukilaumu chuo wakati mwajiri mkuu bado anadai maneno 100 kwa dakika.

Kwa hao watoto wa mkondo wa amali nina wasiwasi wa aina yake. Mtaala mpya umelifanya somo la Elimu ya Biashara kuwa la lazima, jambo zuri, ila somo la darasani la kueleza maana ya mtaji na aina za masoko halimfanyi fundi ajue kuandika kotesheni ya geti. Nimeona kotesheni za mafundi wetu, bei ya jumla, hakuna vipimo, hakuna muda wa kazi, hakuna malipo ya awali, hakuna saini ya mteja, ndo maana kila wiki kuna fundi na mteja wanaitana kwa mwenyekiti wa mtaa. Kwenye vyuo vipya vya VETA vya wilaya mahali pa kuanzia papo tayari, vyuo hivi vinatengeneza samani, mageti, nguo, na vinauza. Basi wanafunzi wa kozi ya ofisi wawekwe kwenye karakana hizo hizo, oda ikija ya madawati ya shule wao ndo waandike kotesheni, wao wafuatilie vifaa stoo, wao watoe invoisi, wao wadai, na kila mwanafunzi wa kuchomelea akae nao mwezi mmoja kwa mwaka ajue karatasi ya kazi yake inapita wapi. Gharama yake ni chumba kimoja, kompyuta chache, kabati la mafaili na mwalimu ambaye amewahi kuendesha ofisi ya watu, na kwa hapa Mwanza walimu wa namna hiyo wapo, makatibu mahsusi wastaafu wa ofisi za mkoa na yaliyokuwa mashirika ya umma wamejaa Nyegezi na Pasiansi wanafuga kuku, waitwe wapewe mikataba ya muda wakafundishe kabla hawajatutoka na ujuzi wao.